Kinanda Nilichodhani Nilinyang'anywa

Damari mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Mji wa Kale kumuaga Bibi Filomena, nami najua hutarudi upesi. Yule mama akimuaga mtu humpa chai, kisha humwonyesha picha za marehemu mumewe, kisha humkalisha kwenye piano "mara ya mwisho," na mara ya mwisho yake huwa tatu au nne. Basi nina muda. Mbaazi ziko motoni, na zikiungua leo utajua sababu yake ni barua hii.

Karatasi ya kwanza nimeipasua. Nilikuwa nimeandika habari za sweta, na kwinini, na kwamba usile vya kuuzwa dirishani treni ikisimama. Hayo yote unayajua, na usiyoyajua Misi Adela atakuambia asubuhi na jioni mpaka umchoke. Kisha nikaandika, "Fanya mazoezi yako ya piano kila siku bila kukosa." Nikaitazama hiyo sentensi. Mkono ulioiandika ni wangu, lakini sikujua maneno ni ya nani. Ndipo nikaipasua karatasi, nikakaa, nikaanza hii.

Alhamisi tulipokuwa tukikunja nguo zako, uliniuliza, "Mama, mbona wewe uliacha kupiga kinanda?"

Nikakujibu mbio, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Niliolewa."

Wewe ukacheka, ukasema, "Kumbe kuolewa ndiko huko!" Lakini uso wako haukucheka. Na babako alikuwa amekaa kizingitini, akisugua viatu vyake. Aliinuka na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akatoka nje. Uliona? Mimi niliona, nikaendelea kukunja nguo.

Jibu lile nimelitoa miaka ishirini. Nimempa mama yangu, nimewapa dada zangu, nimempa Bibi Filomena. Nimelisema mara nyingi hata nikaliamini. Lakini tangu Alhamisi limenikwama, kwa sababu wewe ndiwe unayeondoka kesho saa kumi, si mimi, na mwaka mzima utazunguka na Misi Adela kutoka shule hadi shule, yeye akifundisha uimbaji nawe ukimsaidia, na nyingi katika shule hizo hazina piano wala chochote. Mwisho wa mwaka utakaa mbele ya watu wa chuo cha ualimu, nao watataka kusikia vidole vyako. Umeniuliza mara tatu utaendeleaje na mazoezi huko njiani, na mara tatu nimekuambia, "Mungu atafungua njia." Hilo nalo lilikuwa jibu la kukimbia. Ngoja nikuambie yaliyonipata mimi. Sijui kama yatakufaa.

Nilianza kupiga kinanda cha kanisa kule Rabai nikiwa na miaka kumi na miwili. Kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, na miguu yangu ilikuwa haifiki vizuri, ikabidi nikae ukingoni mwa kiti. Aliyenifundisha alikuwa mke wa mwalimu wa dini, mama mmoja mkali mwenye vidole vifupi. Nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa napiga ibada nzima peke yangu, na babu yako, baba yangu, alikuwa akikaa kiti cha mbele upande wa kinanda, si kwa sababu ya mahubiri. Watu walimtania. Hakujali.

Kisha babako akaja kuposa. Alikuwa kijana wa reli, mnyapara wa watu wanaotengeneza njia, na alikuwa mpole, na nilimtaka. Hilo liandike moyoni: nilimtaka. Hakuna aliyenisukuma.

Siku ya kuondoka kwenda Voi, mwalimu wangu alinishika mikono yote miwili, akaniambia, "Kila siku, Eliza. Kama hakuna kinanda, piga mezani. Kama hakuna meza, piga gotini." Nikaitikia. Unaitikia tu, siku kama ile.

Nikafanya, mwanangu. Usidhani sikufanya. Pale Voi tulipewa chumba katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na mlikuwa na meza moja. Kila asubuhi babako akishatoka, nilikaa mezani, nikapiga nyimbo za ibada nzima, mkono wa kulia na wa kushoto, nikikanyaga sakafu kwa miguu. Siku moja mke wa jirani alichungulia dirishani, akanitazama weee, kisha akawaita wenzake. "Njooni muone! Mke wa Yohana anakanda unga usioonekana!"

Walicheka mpaka machozi. Hawakuwa watu wabaya. Yule yule alinifundisha kupika maharagwe kwa maji ya chumvi ya kule. Lakini jina likanishika, nikawa Mama Unga. Nikaanza kufunga dirisha. Chumba kikawa moto kama tanuri, nikaacha meza, nikawa napiga juu ya paja, chini ya leso, nikiwa nimekaa nao nje. Kisha siku moja nikasahau. Kesho yake nikakumbuka, nikasema nitapiga mara mbili. Sikupiga. Sikuacha, Damari. Ndivyo ninavyotaka uelewe. Hakuna siku niliyosema nimeacha. Niliahirisha tu, mpaka nikawa sina cha kuahirisha.

Au ndivyo ninavyokumbuka. Utaona mbele kwamba kumbukumbu yangu haina uhakika.

Tukahamishiwa Makindu. Mke wa stesheni masta pale alikuwa na kinanda, kidogo, cha kuvuta upepo kwa mkono. Wao walikuwa Wahindi, Wakristo. Sijui nani alimwambia habari zangu. Alimtuma mpishi wake aniambie, "Memsahib anasema uje Jumatano upige kinanda. Upite mlango wa jikoni."

Nilishona upya ukosi wa gauni langu kwa ajili ya Jumatano ile. Na Jumatano ilipofika nikalivaa, nikaenda mpaka kwenye ua, nikauona mlango wa jikoni, nikageuka. Nilisema moyoni, mimi nilikuwa napiga ibada nzima mbele ya watu mia mbili, leo nipitie kwenye masufuria? Nikarudi nyumbani, nikavua gauni. Hakuniita tena. Tulikuwa tukionana stesheni, naye alinitikisia kichwa kwa upole, nami nikatazama reli.

Miaka mingi baadaye mwanamke mmoja aliyeishi Makindu aliniambia kwamba wageni wote wa nyumba ile walipitia jikoni, kwa sababu ngazi za mbele zililiwa na mchwa. Nikaugua siku mbili. Halafu mwingine akaniambia la, ngazi zilikuwa nzima, na memsahib alikuwa na maringo kweli. Hadi leo sijui. Nimeipindua pindua Jumatano ile, na kila nikiipindua naiona sura nyingine. Labda ulikuwa wema nikaupiga teke. Labda ilikuwa dharau nikajiheshimu. Ninachojua ni kwamba kinanda kilikuwa ndani, nami nilikuwa nje nimevaa gauni.

Kisha baba yangu akafa. Wewe ulikuwa tumboni, miezi saba. Tulishuka kwa treni, tukapanda hadi Rabai, na tulipofika tukaambiwa mpiga kinanda anaumwa. Mchungaji akanijia, akasema, "Eliza, utampigia babako?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema, "Baba mchungaji, sijagusa kinanda miaka mitatu." Lilikuwa jambo rahisi la kusema. Nikasema, "Nitampigia."

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Katika ubeti wa pili mkono wa kushoto ukapotea. Sijui niliuacha wapi. Nikautafuta, nao wa kulia ukapotea pia, nikabonyeza vidude viwili vitatu visivyo na maana, nikanyamaza. Na watu hawakunyamaza. Waliendelea kuimba bila mimi, vizuri kabisa, ubeti wa tatu, wa nne, na mimi nimekaa pale na tumbo langu, mikono mapajani, mgongo kwao. Kile kiti chake cha mbele kilikuwa kitupu.

Jioni mama yangu alinikanda mgongo, akasema, "Usilie. Babako hakusikia, na sisi hatukujali."

Alikusudia kunifariji. Sijapata kusikia neno lililoniumiza kama lile.

Baada ya hapo ndipo jibu langu lilipozaliwa. "Niliolewa. Reli ilituhamisha hamisha." Kila mtu alilikubali, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Nami nililikubali kuliko wote. Tulipohamia hapa Makupa nilimtazama babako akirudi jioni na vumbi la reli, nikawa nasema kimoyomoyo, huyu ndiye aliyeninyang'anya. Hakujua. Nilimpa chakula chake, nikamfulia, na nikawa na hesabu yangu naye aliyokuwa hajui kama ipo.

Kisha ukaja wewe na kuimba kwako. Ulikuwa na miaka minane nilipokupeleka kwa Bibi Filomena, nikamwambia nitamshonea nguo zake zote akikufundisha piano. Unakumbuka chumba kile cha juu, na madirisha yaliyofungwa ili hewa ya bahari isitie kutu nyuzi? Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa nyuma yako na cherehani ya mkono, nisishone? Nilikuwa nasikiliza mkono wako wa kushoto.

Na ile siku ya kidole naikumbuka, hata kama hujawahi kuitaja. Kidole chako cha kati kilivimba kwa usaha, ulikuwa na homa kidogo, nikasema, "Vidole tisa vinatosha, piga." Ukapiga kwa vidole tisa huku unalia. Bibi Filomena alitoka jikoni, akafunga kifuniko cha piano taratibu, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Mama Damari, anayepiga hapa ni mtoto au ni wewe?"

Nilikasirika. Njia nzima kutoka Ndia Kuu hadi Makupa nilikukokota kwa mkono ule mzima, nikisema Mgoa yule hana adabu. Lakini swali lake sijalijibu mpaka leo. Ukisema kwamba unaipenda piano, naamini. Ila sijui ungeipenda kiasi gani kama mamako asingekuwa nyuma na cherehani. Na wewe pia huwezi kujua. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba pengine nimekufunga mzigo wangu ukidhani ni nguo yako.

Kwa hiyo nikikuambia "fanya mazoezi kila siku," ni nani anayesema? Na nikikuambia "usijisumbue," je, ni huruma au ni uoga wa kukuona ukifika nisipofika?

Nilifika hapo, babako akaingia.

Nimerudi mezani sasa, na mbaazi zimeungua kidogo upande mmoja. Ngoja nikuandikie yote kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kuyageuza.

Aliingia, akavua kofia, akaweka karatasi mezani karibu na mkono wangu. Nikafunika barua. Akasema, "Sitaki kuona. Tazama hii tu."

Ilikuwa orodha, kwa mwandiko wake ule wa penseli wa kukandamiza. Voi: kinanda darasani, cha kukanyaga, sauti mbili za juu hazilii. Makindu: hakuna. Nairobi: kanisa karibu na stesheni, kipo, mwombe mzee wa kanisa, ni mtu mwema. Nakuru: piano nzima shuleni, ufunguo anao mwalimu mkuu. Kisumu: bado hawajanijibu. Chini yake kulikuwa na vituo vingine saba au vinane, vingine ni vya kupita tu, ambavyo sikujua hata kama vina kanisa.

Nikamwuliza, "Umevipataje?"

"Nimewauliza watu wa treni. Kila anayeshuka namwuliza, naye anauliza huko anakokwenda. Imekuwa miezi miwili sasa." Akajikuna shingo. "Wananicheka. Wananiita Yohana Kinanda."

Damari, sikushukuru. Ningepaswa kushukuru. Kilichonitoka kilikuwa kingine kabisa, nacho kilitoka kwa sauti. Nilisema, "Na mimi? Kwa nini hukunifanyia mimi?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kutoka nyuma. Akavuta kiti, akakaa.

"Wewe ulisema hutaki."

"Lini?"

"Tulipotoka kumzika baba. Ndani ya treni. Ulisema, 'Yohana, nisisikie tena habari za kinanda maisha yangu yote.' Nikakuuliza mara mbili. Ukasema nikikitaja tena utashuka kituo kinachofuata."

"Sikusema."

"Ulisema, Eliza."

"Nilikuwa na uchungu. Nilikuwa na mimba. Nawe ukaamini?"

"Ulikuwa mtu mzima," akasema. "Ningejuaje lipi la kuamini na lipi la kuacha?"

Kisha akaniambia neno ambalo amelificha miaka yote hii. Mwaka uliozaliwa wewe, padri mmoja pale Makindu alikuwa anarudi kwao, akawa na kinanda kizee asichotaka kukibeba. Alimwita babako, akamwambia, "Mchukulie mkeo, nasikia anajua." Babako akakitazama, akakipuliza vumbi. Kisha akamwambia padri kwamba hawezi kukipokea, kwa kuwa mkewe amemwomba asikilete kitu kama kile nyumbani. Kikachukuliwa na watu wengine.

"Nilipita karibu nacho kila siku wiki nzima," akasema, "kabla hakijachukuliwa. Nikawa nasema, labda atabadili. Hukubadili."

 Kisha akaongeza, pole pole. "Na Alhamisi nilikusikia ukimwambia mtoto uliolewa nami ndipo ukaacha."

"Nilisema niliolewa. Sikusema wewe."

"Uliolewa na mwingine nani?"

Tukacheka, mwanangu. Usiniulize kwa nini. Tulicheka, kisha nikalia, kisha yeye akaenda kuziondoa mbaazi motoni, maana harufu ilikuwa imejaa chumba.

Sasa nimekaa hapa, sikumbuki kama nilisema maneno yale ndani ya treni. Naikumbuka treni. Nakumbuka benchi, na mwanamke aliyekuwa na kuku kwenye kikapu, na vidole vyangu vilivyokuwa baridi ingawa palikuwa joto. Maneno siyakumbuki. Babako hasemi uongo, hilo unalijua kama mimi. Basi nilisema. Na kama nilisema, basi miaka ishirini nimemlaumu mtu kwa kunitii. Lakini pia najua kwamba mtu akisema jambo kama lile, hutaka yule mwingine abishe. Nilitaka abishe? Sijui. Nimejaribu kurudi ndani ya treni ile jioni hii nzima, na mlango haufunguki.

Kwa hiyo siwezi kukupa shauri lililonyooka. Nitakupa lililopinda, ulinyooshe mwenyewe.

Orodha ya babako nimeikunja ndani ya barua hii. Itumie au usiitumie. Wakikucheka ukipiga mezani, fikiri kwamba pengine watakucheka wiki moja tu, na mimi nilihesabu kicheko cha wiki moja kama cha maisha. Mlango wa jikoni ukifunguliwa, pita, ingia, ndipo uamue ndani kama umedharauliwa. Ukiombwa kupiga nawe hujagusa kinanda siku nyingi, sema, "Sijagusa siku nyingi." Ni maneno matatu. Mimi yalinishinda.

Na siku ukichoka, Damari, ukaona piano si yako bali ni yangu niliyokuvika, iache. Nitaumia, sitakuficha, lakini nitapona kwa kuwa nimekwisha kupona mara moja bila kujua. Ila usiiache kwa kusahau leo na kesho. Wala usiiache kwa hasira ndani ya treni. Kaa chini, andika barua, sema, "Mama, nimeacha, ni mimi niliyeacha," na utie sahihi yako. Barua hiyo nitaipokea kama nitakavyopokea habari kwamba umepita mtihani. Nasema hivyo sasa. Siwezi kuapa.

Nasikia sauti yako huko nje, unamsalimu Mama Kadzo, na yeye anakuuliza kama Nakuru kuna baridi. Babako amekuja mlangoni, anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia bado. Amesema, "Basi mwandikie kwamba na mimi nimesema aende salama." Nikamwambia akuambie mwenyewe, yeye ana mdomo. Ametoka nje kukulaki, na sasa nyote wawili mmesimama pale uani mnatazamana, hakuna anayeanza.

Mamako,
Eliza